Pindo la Kukulia

Jua lilishakuwa kali, nao bado walikuwa kwenye benchi la kliniki ya mifupa, mama fundi cherehani na bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo.

Fundi alikuwa na kawaida yake: kila suruali ya mtoto aliiachia kitambaa cha akiba kwenye pindo, cha kukulia. Juzi alifumua mapindo ya suruali ya Chiriku akayashusha kidogo, akiba nyingine ikabaki. Mguu wa kulia ukakaa sawasawa. Wa kushoto ukaburuzika chini.

Mwaka jana Chiriku aliruka kutoka ukuta wa shule akatua kwa mguu huo. Daktari alieleza kuwa ameumia pale juu ya kifundo, sehemu laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, na kwamba majeraha ya hapo yana aina tano. Lake ni la aina ya kwanza, jepesi kuliko yote. Afungwe plasta, aende nyumbani. Fundi alimshukuru kwa mikono miwili.

Leo daktari yuleyule aliinua picha mpya ya eksirei dirishani.

"Mama, hii ilikuwa aina ya tano. Palipondwa. Hapakui tena."

"Si ulisema ya kwanza?"

"Kupondwa hakuonekani kwenye picha. Nilishuku, lakini hospitali kuu hawampokei mtoto bila ufa unaoonekana. Ningewatuma, wangewarudisha mlangoni."

"Kwa hiyo mlikuwa mnangoja apate kilema kwanza?"

Daktari aliishusha picha.

"Basi sasa kinaonekana. Tutume."

"Sasa si jeraha tena, mama. Ni foleni nyingine, ya upasuaji unaofaa tu mtoto akiwa bado anakua. Kwa umri wake, atamaliza kukua kabla hawajamwita." Akasugua macho. "Mwongezee soli ya kiatu." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Njiani fundi alitembea polepole. Chiriku alichechemea kando yake akiongea tu.

"Mama, mguu huu mzima hawawezi kuusimamisha kidogo, umsubiri mwenzake?"

"Nyamaza, mwanangu."

Nyumbani aliilaza suruali mezani. Mguu wa kulia akaukunja pindo upya na akiba yake ndani. Wa kushoto akaupima, akachukua mkasi, akaikata akiba yote.