Mistari Minne Bila Mbolea

Vidonge vya Sabina vya kuongeza damu nilivitupa chooni mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Sabina ni mke wa mwanangu Fabian. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, amesimama mlangoni mwa jiko, akaniangalia, akasema tu, "Haya, baba." Ana heshima sana yule mtoto.

Sikuvitupa kwa wazimu. Alikuwa amelalamika kwamba tangu aanze kuvimeza tumbo linamchafuka na choo kinatoka cheusi kama masizi. Nikasema moyoni, hivi hivi ndivyo walivyoanza na Marsela.

Marsela alikuwa mke wangu. Alikuwa na sukari, anatumia dawa ya hospitali, analima kama kawaida. Akaja Dickson kutoka Arusha, viatu vinang'aa, na maboksi ya vitamini za kopo. Ufunguo wa ukumbi alipewa na mtendaji wa kijiji. Diwani ndiye aliyefungua mkutano, kisha akakaa kiti cha mbele na kopo la bure mapajani. Sisi tulioishia darasa la nne, tukimwona kiongozi amekaa mbele tunajua jambo limeshakaguliwa. Kumbe nani alikagua? Dickson akasema kuna mama wa Mbulu alitembea na fimbo miaka sita, akameza vidonge vyake miezi miwili, fimbo akaipikia ugali. Watu makofi.

"Mama yangu," akamwambia Marsela, "hizo za hospitali ni kemikali. Hiki ni chakula. Umeona wapi chakula kikamdhuru mtu?"

Marsela akaacha dawa yake ya sukari, akameza chakula cha Dickson. Mwezi wa tatu kidonda mguuni. Mwezi wa sita tukamzika. Dickson simu haipatikani. Mtendaji alihamishwa, tena kwa cheo kikubwa zaidi. Diwani alikuja msibani, akala, akaaga mapema.

Kwa hiyo nilipoona vidonge vyekundu vya kliniki, na diwani ni yule yule, nilivitupa.

Mwezi ukapita. Sabina akaanza kukaa chini ghafla pale bombani, ndoo haijajaa. Fabian alikuwa kreta ya Ngorongoro na wageni, anaendesha gari la watalii, siku nne harudi. Nikamsindikiza mimi zahanati. Nilikuwa mwanaume peke yangu kwenye benchi la wajawazito.

Nesi wa pale anaitwa Nareyu, Mmaasai wa upande wa Ngorongoro, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Akamtoboa Sabina kidole, akasoma kimashine chake, akasoma tena.

"Mwezi uliopita damu yako ilikuwa tisa. Leo saba nukta nane. Vidonge unameza?"

"Nameza, nesi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mimi nikaangalia ukutani, kwenye picha ya chandarua.

Nareyu akaandika kwenye kadi. "Basi kuna kitu kingine. Mtu anameza mwezi mzima na damu inashuka, hivi vidonge kwako havina kazi. Nasimamisha. Nakuandikia hospitali kubwa wakakutafute ugonjwa mwingine."

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu siku hizi haulali. "Hivyo vidonge vyenu na vya Dickson vina tofauti gani? Wote mnaimba kuongeza, kuongeza."

"Dickson ndiye nani, baba?"

Nikamweleza, na habari ya Marsela pia.

"Pole sana, baba," akasema Nareyu, na sauti ilipungua. "Nani alimpima mama akaona amepungukiwa vitamini?"

"Hakuna."

"Basi alichopungukiwa ni dawa yake ya sukari. Mimi huyu nimempima. Na hivi vidonge hatukuambiwa na mama mmoja wa Mbulu. Wajawazito wengi waligawanywa mafungu mawili. Hawa wakapewa chenyewe, wenzao wakapewa kidonge kisicho na kitu, wote wakapimwa damu. Ndiyo ikajulikana." Akagonga kadi kwa kalamu. "Ila kwa Sabina vimeshindwa. Kadi ndiyo inavyosema."

Mafungu mawili. Hilo sikuhitaji kusomea.

Kuna mwaka, Marsela bado yu hai, bwana shamba Mepukori alichagua shamba langu la kando ya barabara liwe shamba darasa. Mahindi yote tuweke mbolea ya mpango wa serikali, mistari minne tuache bure, ili tofauti ionekane. Mahindi ya mistari ile yakawa ya njano, mafupi, na kila anayepita anacheka kwamba Baba Fabian siku hizi analima nyasi. Nikaona aibu. Mepukori hayupo, nikachota samadi zizini nikaitia mistari ile minne, nikafukia vizuri. Ikashika kijani. Siku ya kupima, Mepukori akakuna kichwa, akaandika: mbolea haina tofauti. Msimu uliofuata haikuletwa, na kijiji kizima tukalima njano. Nimewalaani wakubwa kwa ajili ya mbolea ile miaka minane. Samadi sikumwambia mtu, hata Marsela.

Sasa Nareyu alikuwa anatafuta bahasha ya barua ya hospitali.

"Kadi inadanganya," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hajameza. Nilivitupa chooni mimi. Karibu vyote."

Mama mmoja mnene mwishoni mwa benchi akasema, "Basi choo cha mzee kina damu nyingi kuliko sisi wote!" Benchi zima likaangua kicheko, mpaka Sabina akaficha uso kwenye kitenge.

Nareyu hakucheka. "Baba, unajua nilikuwa namwachisha dawa? Pale alipoihitaji hasa?" Akamgeukia Sabina. "Na wewe?"

"Ningesemaje, nesi? Ni baba mkwe."

"Choo kilikuwa cheusi," nikasema.

"Ni chuma kilichomo, ndivyo kinavyofanya. Hakuna ubaya."

"Si mngetuambia siku ya kwanza?"

"Niko peke yangu, baba. Wamama arobaini leo."

Ni kweli. Waliomwacha peke yake na wamama arobaini, mimi nawajua wanapokaa. Wanakaa mbele. Lakini chooni hawakuwepo wao.

Akafuta mstari wa kadi, akaandika upya: hajameza. Akatoa vidonge vingine, kimoja asubuhi, kimoja jioni, asimezee chai maana chai inavizuia, amezee maji yenye limao. Baada ya mwezi arudi. Ikishuka tena, hapo hospitali.

Nimechoka, sifichi. Hata hivyo kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda na kikombe changu cha chai, yeye nikimkamulia limao. Tumbo lilimchafuka, akameza. Akimaliza ananirudishia karatasi tupu ya vidonge, naiweka ndani ya kopo la Marsela. Kopo la Dickson lile, nililiacha darini, sijui kwa nini.

Tuliporudi, Nareyu alimtoboa. Tisa nukta mbili.

"Umemeza vyote?" akauliza. Hakumwangalia Sabina, aliniangalia mimi.

Nikamwaga kopo mezani, karatasi zikatawanyika mpaka kwenye daftari lake.

"Hesabu," nikasema.

Akazihesabu, moja moja, foleni ikisubiri.