Sinia la Galia

Siku nane kabla ya harusi ya Salka, mtoto wa dada yake alisema hatahudhuria. Hakulia wala hakununa. Alisema tu, kama mtu anayesema leo kuna upepo, kwamba siku hiyo atakwenda kukaa zizini mpaka watu wamalize kula.

Mtoto huyo ni Galia, ana miaka kumi. Bibi yake, Tekber, alikuwa ameketi mkekani akimimina chai kutoka glasi hadi glasi ili ifanye povu, na mkono wake haukutetereka.

"Zizini kuna nini?" akauliza.

"Kuna mbuzi, bibi. Mbuzi hawaniulizi kwa nini sahani yangu ina mfuniko."

Bibi akamimina glasi ya pili.

Sahani yenyewe ilikuwa ya bati, nyeupe, imebanduka rangi ukingoni. Pale Auserdi, kambi ya wakimbizi jangwani, watu hula sinia moja, wamezunguka, kila mtu na upande wake, na mwenye nyama nzuri humsogezea jirani. Kwa miaka miwili Galia hakuwa amesogezewa kitu na mtu. Alikula pembeni, chakula chake kikipikwa kwenye sufuria yake na kufunikwa kisirukiwe hata na vumbi la unga wa wengine. Wenzake hawakuwa wabaya. Walimzoea tu vile, kama unavyomzoea mtu anayetembelea fimbo.

Ilianza na tumbo. Alipokuwa mdogo tumbo lilimjaa kama ngoma huku mikono ikiwa vijiti, na usiku analia. Tekber alimtibu kwa alivyojua. Alimpondea utomvu mkavu wa mgunga, ule ambao wazee wao walitibia matumbo tangu zamani za kuhamahama, akamlambisha na sukari. Halafu, ili apate nguvu, akamlowekea mkate kwenye maziwa ya mbuzi. Mtoto alivyozidi kukonda, bibi naye alizidisha mkate. Unga wa ngano ndio uliokuja kwenye mgao kila mwezi, ndio uliowalea wote tangu walipokimbia kwao, nani angeushuku? Siku daktari aliposema kwamba ni ugonjwa wa seliaki, kwamba ngano na shayiri ndizo zinazomchubua utumbo, hata punje, hata vumbi lake, Tekber alirudi nyumbani akaitazama mikono yake kwa muda mrefu.

Kwa hiyo siku ile ya chai, alipomaliza glasi ya tatu, alisema maneno ambayo baadaye yalimkosesha usingizi. Alimwambia Galia kwamba harusini atakula sinia moja na wasichana wenzake, kuskusi kama wao, zile chembe za unga za kupika kwa mvuke, kwa mkono wake.

"Kuskusi ya unga gani? Wangu umekwisha."

"Hilo niachie mimi."

Unga maalumu wa watoto wenye ugonjwa huo ulikuja kwa lori, na lori lilikuwa halijaonekana kwa miezi miwili. Mjini Tinduf uliuzwa, lakini pakiti mbili zilikuwa bei ya kilo ya nyama ya ngamia, na pakiti mbili hazijazi sinia. Galia alikuwa akila wali na dengu, dengu na wali, mpaka akasema ndoto zake zina dengu.

Kesho yake Tekber alikwenda sokoni kwa Sheikhna, mfanyabiashara wa Moritania aliyeleta nguo, samaki wakavu na majani ya chai. Nyuma ya duka palikuwa na gunia la uwele. Watu waliununua kulisha kuku, lakini haukuwa ngano wala shayiri.

"Una kuku wangapi, mama?" Sheikhna akauliza akipima.

"Mmoja. Ana miaka kumi na mdomo mrefu."

Bei ilikuwa ndogo hata akajiona kama anaiba. Alinunua mfuko mzima, na njiani alikutana na Nuena, jirani na shoga yake kwa miaka thelathini, mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia. Nuena alichungulia mfukoni, akamuuliza kama siku hizi wanakula na kuku au kuku ndio wamealikwa harusini. Tekber alimjibu kwamba yeye mwenyewe atawekwa karibu na jogoo, waelewane sauti.

Kazi ikaanza. Galia alimwaga uwele kwenye sinia akachambua punje kwa punje, akitafuta ngano iliyojificha. Jiwe la kusagia lilikuwa limesaga shayiri miaka yote, halikufaa. Bakuli kubwa la mbao, ambalo mama yake Tekber alilibeba mgongoni wakati wa kukimbia, ndilo lililomuuma bibi zaidi, maana lilikuwa limekunywa ngano kwa miaka arubaini na hakuna maji ya kuliosha likatakata. Alilifunika kwa kitambaa akaliweka juu. Akanunua beseni la plastiki la buluu na chekecheo jipya. Kopo kubwa la maziwa ya unga alilitoboa tundu chini kwa msumari, likawa chombo cha kupikia kwa mvuke. Na cha kutwangia kilibaki kimoja: kinu kidogo cha shaba, kile cha kupondea sukari ya chai. Hicho hakijawahi kuonja ngano.

Alitwanga siku tatu. Kiganja kwa kiganja, na Galia akimpokea.

Kuskusi ya kwanza ilikuwa aibu. Tekber alinyunyiza maji, akaviringisha unga kwa viganja kama alivyofanya maisha yake yote, lakini uwele haushikani kama ngano. Ulitoka uji upande mmoja na mchanga upande wa pili. Galia alicheka mpaka akalala chali. Bibi naye akacheka, ingawa moyoni alikuwa anahesabu siku.

Usiku aliamka kutafuta dawa ya mgongo, na kwenye kifuko cha ngozi mkono ukagusa vile vibonge vya mgunga. Vilikuwa vimenata kwenye ngozi kiasi cha kukataa kutoka. Alikaa navyo gizani. Utomvu ule ule aliomlambisha mtoto miaka yote, ukashindwa kumponya. Asubuhi aliuponda, akauchanganya kidogo na unga, akaviringisha. Chembe zikatoka ndogo, za kijivu, kila moja peke yake. Alipika kwa mvuke mara tatu. Galia alionja, akatulia, akaonja tena.

"Bibi, hii inaweza kukaa siniani."

Siku ya harusi, asubuhi, wanawake wa mtaa walikuja kusaidia, kama ilivyo desturi. Kila mmoja alikuja na chekecheo lake na mikono yake, hema likajaa vumbi jeupe na vicheko. Tekber aliweka kazi yake mbali, nyuma ya hema, kwenye beseni lake la buluu: kuskusi yote ya uwele imeviringishwa, imefunikwa, inasubiri moto. Aliondoka mara moja tu, kwenda kumvika binti yake Salka, bi harusi, aliyekuwa amefichwa hema la pili.

Aliporudi alimkuta Nuena amechutama mbele ya beseni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, anaviringisha kwa bidii.

"Ilikuwa nyepesi mno, shoga yangu," Nuena akamwambia kwa furaha. "Nimekutilia ngano viganja viwili tu, ishikane. Angalia sasa."

Alikuwa amesaidia, maana hakuna aliyemwambia uwele ule ni wa nani. Ndivyo walivyofunzwa tangu usichana: ukiona kazi ya mwenzako inalegea, unaingiza mkono, huombi ruhusa. Tekber alitazama beseni. Kazi ya wiki nzima. Nyuma yake Galia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia, na tayari amegeuza uso kuelekea zizini.

Tekber hakupaza sauti. Aliketi, akamshika Nuena mkono ule wenye unga, akamwambia kwamba viganja viwili hivyo vitamlaza mtoto wiki mbili, na kwamba alimwahidi leo atakula na wenzake.

Nuena aliitazama mikono yake. Tekber aliujua mtazamo ule, maana aliwahi kuitazama hivyo mikono yake mwenyewe.

"Uwele umebaki?" Nuena akauliza, sauti ndogo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Nusu mfuko, haujatwangwa. Na kinu changu ni kimoja, watu wanakula adhuhuri."

Nuena akainuka. "Kinu kimoja? Kwani sisi hatunywi chai?"

Alitoka akasimama katikati ya hema, na ile sauti ya kuita ngamia ikasikika hadi kisimani. Hakujitetea. Aliwaambia wanawake kwamba ameharibu chakula cha mtoto, na kwamba kila mwenye kinu cha sukari akakilete sasa hivi, ajikoshe hadi mabegani, avue hata shuka lenye unga.

Vilikuja vinu kumi na vitatu. Viliogeshwa kwa maji ya moto, vikapangwa kwenye turubai safi, mbali na ngano. Galia akiwa mkaguzi alipita akitazama kucha za watu wazima, na jimama zima la watoto saba alilirudisha kunawa mara mbili. Kisha wakaanza kutwanga. Shaba kumi na tatu zililia pamoja, mwanzo ovyo ovyo, halafu mmoja akashika mdundo, wengine wakaufuata, na mpiga ngoma wa harusi, aliyekuwa bado anapasha ngoma yake motoni, akaingia kati. Wageni wa upande wa bwana harusi walipokuwa wakishuka kwenye magari wakadhani wanapokelewa. Wakajibu kwa vigelegele. Hakuna aliyewasahihisha.

Tekber alinawa, akaviringisha peke yake kwenye beseni lililosuguliwa kwa maji ya moto, utomvu wake wa mgunga pembeni. Nuena alikaa hatua tatu mbali, mikono ameikalia, akawa anampa maagizo.

Adhuhuri sinia la wasichana lilitoka. Kuskusi ya kijivu, nyama ya ngamia juu, maboga na karoti. Wasichana tisa walinawa, mkate ukapelekwa mbali. Mmoja akaitazama akauliza kama hicho si chakula cha kuku. Galia aliketi bado mikono mapajani.

"Ndiyo," Nuena akajibu kutoka nyuma. "Na kuku wangu wamenenepa kuliko wewe. Kula."

Tekber hakuweza kutazama. Alikwenda kuhudumia wazee, akamwaga chai nje ya glasi, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Katikati ya shughuli alifika mtu kutoka hema la Salka: bi harusi amesikia habari za hicho chakula, anaomba abakishiwe kiganja.

Ndipo Galia akaja mbio, mikono imenata hadi vifundoni, punje ya uwele shavuni, amekasirika kweli kweli.

"Bibi, hakijabaki! Wamenimalizia! Yule Mahyuba anakula kwa mikono miwili, hata nyama niliyosogezewa kaichukua. Mimi sijashiba!"

Tekber aliweka birika chini. Miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kummalizia mtoto huyu chakula.

"Maskini mjukuu wangu," akasema, akimfuta shavu. "Pole sana. Nenda kapigane nao."

Galia akageuka akarudi mbio.