Kitambaa Cheupe cha Ofisi

"Fukuzeni hao bata!" Komredi Ngac alifoka. "Wageni wamevuka bahari waje kuona shimo la bomu, siyo kitoweo chenu kinaogelea."

Majirani wakacheka, wakawaswaga bata kutoka kwenye shimo ambalo miaka mitatu nyuma lilikuwa nyumba ya mama yake Khuyen. Ngac, mkuu wa ofisi ya wageni katika wilaya hiyo ya nje ya Hanoi, akatoa mkobani kitambaa cheupe cha msiba. Khuyen alikwisha kukifunga kichwani mara tisa mbele ya kamera. Msiba wenyewe wa mama ulikwisha zamani, na kitambaa chake mwenyewe alikichoma moto, kama desturi inavyotaka.

"Leo niachie nibaki nacho," Khuyen alisema. "Doai amekufa."

"Doai gani?"

"Mume wangu, komredi. Si ulimpigia makofi mwenyewe siku anaondoka? Mwenzake karudi na mguu mmoja. Anasema alimzika kwa mikono yake, huko Kusini."

Ngac akatazama barabarani. Gari la wageni lilikuwa linatimua vumbi.

"Dada, sisi hatuna askari Kusini. Tumeuambia ulimwengu mzima, redioni, kwa lugha kumi na moja. Sasa mtu ambaye hakwenda, atafiaje huko?"

"Basi yuko wapi?"

"Masomoni. Inama nikufunge."

Kamera ikaanza kunguruma. Mara zote tisa Khuyen alilia kwa kukonyezwa; leo hakungoja. Alipiga magoti ukingoni akaita, "Doai! Doai we! Nani amekulaza bila jeneza?" mpaka sauti ikamkauka. Majirani, bata wao vikapuni, wakainamisha vichwa.

"Anasema nini?" mama mmoja wa Kizungu aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Anamlilia mama yake," mkalimani akajibu.

Gari lilipoondoka, Ngac alikuwa meno nje. "Leo umetia fora! Alhamisi wanakuja Wajapani. Ulie hivi hivi."

Khuyen alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili. Ngac akambandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayempokonya mtoto kisu. Akakikung'uta udongo, akakikunja, akakirudisha mkobani.

"Cha ofisi hiki, dada."

Bata wakafunguliwa, wakateremka shimoni kwa foleni. Khuyen akaokota jembe lake, akarudi shambani kichwa wazi, kama mke wa mtu aliye masomoni.