Simu Iliyoshikwa na Arosto

Bibi Mwanakombo alikuwa anaanika dagaa uani kwake mtaa wa Rusimbi simu ya Gervasi, mpangaji wake, ilipoita, kama ilivyoita kila asubuhi, na ile sauti ya kike ya kompyuta ya kliniki iliyompa simu hiyo ikauliza, "Habari za asubuhi?" Gervasi alikuwa amejikunja kwenye mkeka, anatetemeka mwili mzima. Akajibu kama mama yake alivyomfundisha kwao Rumonge, ng'ambo ya mpaka: "Ni meza."

Kwa Kirundi hapo umesema habari ni njema. Mtu akikusalimia humtupii maumivu yako usoni, hata kama unakufa. Unaanza na njema, mengine yanafuata. Lakini kompyuta ya kliniki haikufundwa na mama wa Rumonge. Ilisikia "meza", ikaandika kwamba mgonjwa amemeza dawa yake ya siku.

Dawa yenyewe ni ya maji, ya kuwaachisha watu unga wa kulevya, na hunywewa dirishani mbele ya muuguzi. Gervasi alipofika, Sista Marcelina akatazama kioo cha kompyuta, akashusha pumzi.

"Gervasi, umeshameza leo."

"Sijameza, dada. Nimesalimia tu."

"Najua. Ila mfumo hauruhusu."

Na kweli haukuruhusu, maana kabati la dawa lilifunguliwa na kompyuta, Marcelina hakuwa na ufunguo. Alishawapigia waliouleta, wakamjibu mfumo uko sawa. Gervasi akajaribu kujibu "nzuri". Kompyuta ikaandika hali yake ni nzuri, dawa ya nini? Akajaribu kunyamaza, ikaandika ametoroka matibabu. Akarudi kwenye "ni meza". Kama dawa hapati, angalau asikose na adabu.

Mkewe, Veneranda, alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi na mtoto wao Diana, aliyezaliwa wakati baba yake anazurura bandarini akitafuta unga. Siku Gervasi alipoomba kumpakata, Veneranda aliitazama ile mikono inavyocheza, akamvuta mtoto kifuani. "Utampakata siku itakapotulia," alisema. Gervasi akarudi Rusimbi. Alilia njia nzima.

Basi Ijumaa moja akaamka hatetemeki. Iliyotetemeka ilikuwa simu.

Haikuwa mtetemo wa kupigiwa. Ilikuwa imejikunja pembeni ya mto, kioo kimeota vipele vya baridi, inapiga miayo, kamasi inatoka kwenye tundu la chaji. Bibi Mwanakombo akaigusa kwa nyuma ya kiganja.

"Hii imeshikwa na arosto," alisema. Arosto ndiyo yale mateso ya mwili uliokosa unga, na Mwanakombo aliyajua, alishamuuguza Gervasi vya kutosha.

"Arosto si ilikuwa kwangu, Bibi?"

"Wewe umeandikwa umemeza. Ugonjwa nao ukae wapi kama si simuni? Lete kanga."

Wakaifunga kanga, wakailaza juani jirani na dagaa. Wakainywesha uji wa mchele kwa kijiko. Ikatapika uji, ikatapika na laini. Gervasi akaosha laini, akairudisha. Majirani wakaja na machungwa, wakauliza mgonjwa anaendeleaje. Mmoja akasema angekuwa yeye angeipaka mawese kifuani. Wakaipaka.

Adhuhuri simu ikaanza kubembeleza. "Kaka Gervasi, twende bandarini. Kidogo tu nitulie. Kesho naacha."

Gervasi akacheka mpaka akakaa chini. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na pozi lake hilohilo. Simu ikaona haijafanikiwa, ikasema shangazi yake amefariki huko Simbo, inaomba nauli.

"Huna shangazi, wewe."

"Mchawi mkubwa!" ikapiga kelele, ikalia machozi ya kweli, na hapo kicheko kikamwisha. Aliijua ile njaa. Akaibeba, na miguu yake, ambayo iliijua njia bila kuulizwa, ikampeleka hadi kona ya kuteremkia bandarini. Akasimama. Akiinunulia kidogo, na yeye angeonja kidogo. Hilo halikuwa na mjadala. Simu ikatulia ikisubiri, imemkodolea kioo.

"Ego, ndiyo mama, inauma," aliiambia. "Najua inavyouma. Ila hatuendi." Akageuza. Simu ilimtukana hadi nyumbani.

Akaiuguza hivyo, akiikanda, akiifuta kamasi, akiishika kwa mikono miwili isianguke, mpaka asubuhi moja simu ikaomba samaki, mgebuka wa kuchoma. Mwanakombo akapiga vigelegele, mtaa mzima ukaitikia. Ngoma ikatafutwa. Simu, ingawa bado dhaifu, ilicheza kidogo.

Veneranda alipopata kibali cha kutoka kambini alikuja na Diana mgongoni. Akachukua kikombe cha chai, akakijaza hadi mdomoni, akampa mumewe. Gervasi akakishika. Chai haikumwagika. Veneranda akamfungua mtoto mgongoni, akamweka kwenye ile mikono, na Diana akamvuta pua baba yake akaona ni mali yake.

"Yoo, mwanangu," Gervasi alisema, na furaha ikamjaa hata asijue aifanyeje.

Simu ikaita. Sauti ikauliza, nzima kabisa, "Habari za asubuhi?"

"Ni meza!" Gervasi akajibu, na siku hiyo hapakuwa na mengine ya kufuata.

Kule kliniki kompyuta ikaandika amemeza. Dirishani alikuwa amesimama kijana mwingine wa ng'ambo, aliyepewa simu ya kliniki juzi na kujibu salamu vilevile, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na Sista Marcelina akamwambia ameshameza leo, mfumo hauruhusu.

Habari ilipomfikia, Bibi Mwanakombo akatoa sandukuni kanga nyingine ya kufungia simu, akaongeza maji kwenye uji.