Folda ya Chini Kabisa

Saa tatu asubuhi, saa ya kahawa, Hilkka Rautio alimimina kahawa vikombe viwili, chake na cha Taisto, mfanyakazi mwenzake, kama alivyofanya tangu wote wawili hawajaota mvi. Theluji ya mji wa Oulu ilikuwa imefika madirishani. Akavibeba akaingia kwenye korido ambayo wiki iliyopita haikuwepo.

Kampuni yao iliandika programu inayoongoza maji ya moto yanayopasha joto nyumba za mji mzima. Kwa miaka thelathini faili zake zililundikwa mahali pamoja, maelfu kwa maelfu. Bosi mpya, Ossi, akataka zipangwe kwenye folda, na folda ndani ya folda, zile za zamani chini kabisa. Kazi akapewa Hilkka. Alipohamisha faili za pampu, alizoandika Taisto, meza ya Taisto nayo ikahama hadi mwisho wa korido iliyojifungua, na yeye akiwa ameketi hapo, na za wengine zikafuata. Fundi wa umeme alikuja, akafunga taa kwenye korido mpya, akaenda zake.

Hilkka alifungua mlango, kisha mlango mwingine ndani yake, na mwingine tena. Kahawa ilifika imepoa.

"Huku baridi, wewe," Taisto alisema. Alikuwa amevaa koti na kofia ya manyoya. "Nirudishe. Si wewe uliyenileta?"

"Nilijaribu jana. Faili zilirudi. Wewe hukurudi."

Taisto akanywa kahawa yake baridi bila kumtazama.

Hilkka alikuwa pia mwakilishi wa wafanyakazi. Akaenda kwa Ossi. "Kabla ya kuondoa watu, sheria inasema tukae mezani tujadiliane kwanza."

"Nani kaondolewa? Mshahara wanapata, viti wanavyo. Tumepanga faili tu, mama."

"Basi nenda kawaone."

"Kule? Si nitarudi nimeshastaafu!"

Ofisi nzima ikacheka. Hilkka alikumbuka kiwanda cha karatasi cha baba yake. Nacho kilifungwa hivi hivi, kwa maneno laini na keki ya krimu, na waliokula ile keki ndio walioondoka.

Aliendelea kupanga, kwa kuwa asingepanga yeye angepanga mwingine. Meza zikapungua. Faili moja tu aliiruka kila siku: ile ya vali zinazofungulia maji, aliyoiandika mwenyewe wakati binti yake bado ananyonya. Kila alipoifikia, aliifunga akafungua nyingine.

Siku moja Ossi akasimama nyuma ya kiti chake. "Imebaki hii. Ya nani?"

Hilkka akatazama chumba kizima. Kila mtu alikuwa ameinamia kompyuta yake. "Semeni neno," aliwaambia. "Moja tu. Kesho na zenu zitakuwa za zamani."

Waliendelea kubonyeza vitufe.

"Yangu," alisema.

"Pole sana," Ossi akasema, na alimaanisha. Akanyoosha mkono, akaihamisha mwenyewe.

Meza ikaanza kuondoka taratibu, na kiti kikaifuata. Hilkka akashika ukingo wa meza ya Venla, msichana ambaye Hilkka mwenyewe alimfundisha kazi. Venla akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, akihofia waya za kompyuta yake zisikatike.

"Usinichukie, Hilkka," alinong'ona. "Nina mkopo wa nyumba."

Milango ikajifunga nyuma ya Hilkka, mmoja baada ya mwingine, hadi sauti ya ofisi ikaisha. Taa zilikomea njiani. Fundi hakuwa ameitwa tena. Gizani mtu akakohoa.

"Leo umechelewa," sauti ya Taisto ilisema. "Kahawa iko wapi?"

"Sikubeba."

Juu, Ossi aliwaandikia wakubwa kwamba programu imepangwa na hakuna hata mmoja aliyepoteza kazi. Jioni ile baridi ilizidi, na nyumba zote za Oulu zikapata joto, vali zikifunguka na kujifunga kama Hilkka alivyoziandikia. Kule chini alipapasa ukuta hadi pembe ya mwisho akitafuta bomba la maji ya moto. Halikuwepo. Hakuwahi kuliandika.