Soundbar ya Nusu Bei

Mume wangu Elirehema akikosa chakula cha mchana hasemi kitu, lakini mwambie alipe bei kamili uone atakavyoumwa. Shati lake la harusi lilikuwa na kifungo kimoja cha rangi nyingine, ndiyo maana lilipunguzwa bei, na ndiyo maana alilinunua. Siku ile nilicheka, nikajiambia Theresia, umepata mwanaume mwangalifu. Sasa ni miaka tisa, na Ijumaa tuliyokwenda Ngarenaro kutafuta soundbar ndiyo iliyonimaliza kicheko.

TV tulikuwa nayo tayari, inchi hamsini na tano, nayo ya punguzo. Picha safi, sauti kama nyuki ndani ya kopo. Mpira ukichezwa, Elirehema alikuwa anasogeza kiti mpaka magoti yanakaribia kioo. Akaamua kwamba lazima tupate soundbar na sabufa yake, sebule yetu ya Kijenge iwe sinema. Nilimwomba tungoje Jumamosi ipite, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na jambo zito kwao, na sikupenda tununue vitu vya starehe siku moja kabla. Akanijibu kwamba ofa haimngoji mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa chungu cha kuvunjwa.

Mama mkwe wangu, Nkasiogi, anaishi peke yake kule magharibi ya Mlima Meru, na ng'ombe wake wanne. Krismasi iliyopita shemeji yangu Koikai, mdogo wake Elirehema, alitoka Dar na zawadi: TV ndogo na soundbar ya maana, mama asikilize kwaya. Wote tulikuwepo. Elirehema aliijaribu kwa simu yake, akapiga nyimbo mbili, kisha akanuna. Tangu hapo akawa na wimbo mmoja: mama mzee wa nini sabufa, heri ikae kwetu mjini. Aliusema mbele za watu zaidi ya mara tatu. Mama akakataa kabisa. "Hii ni yangu," alisema. "Inaniimbia nikikamua."

Mwezi wa tano, Jumapili mama akiwa kanisani, mtu alivunja dirisha akabeba soundbar, sabufa na rimoti. Nani angetazamwa? Hakuna aliyemtaja Elirehema. Walimwuliza tu, kwa upole wa kuudhi, Jumapili ile alikuwa wapi. Alikuwa kanisani kwetu, ni mzee wa kanisa pale, nami nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Lakini ushahidi wa mke nani anaupokea?

Basi ili ajisafishe, alisimama kwenye kikao cha ukoo akadai chungu kivunjwe. Chungu si mchezo. Hata Kibosho nilikozaliwa tunakijua. Wazee hutangaza kwanza, wakampa mwizi wiki tatu arudishe alichochukua. Asiporudisha, wanakivunja kwa maneno, na kifo kinaingia nyumbani kwake, kikianza na wadogo. Nimeona watu wenye digrii wakirudisha mbuzi usiku kwa sababu ya tangazo tu.

Mzee Lengai, ambaye ndiye huvunja, alisema atamtaja aliyeiba na aliyeuza. Elirehema akapaza sauti: "Na aliyenunua!"

"Mnunuzi mara nyingi hajui," Mzee Lengai alimwambia.

"Anajua, mzee. Bei yenyewe inamwambia."

Watu waliguna kwa kukubali, na neno la mnunuzi likaongezwa. Wiki tatu zilikuwa zinakwisha Jumamosi hiyo.

Ngarenaro tulianzia dukani kwa Twahir, mtu mstaarabu, risiti mkononi na waranti ya mwaka mzima. Alituuliza ukubwa wa sebule yetu kabla hajatuuliza tuna kiasi gani. "Usinunue wati, kaka," alisema. "Wati wanaandika wanavyojisikia. Punguza sauti, halafu sikiliza mtu akiongea. Ukiyashika maneno yote, hiyo ndiyo soundbar." Akatuwekea taarifa ya habari kwa sauti ndogo kabisa, na kila neno likafika. Laki nne na nusu. Elirehema alipoomba punguzo, Twahir alitoa elfu thelathini, akasema chini ya hapo atakuwa anamdanganya mtu, ama sisi ama mkewe. Tukamshukuru tukatoka. Uso wa mume wangu ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

Hatukufika mbali. Katikati ya mafundi wa kuchomelea kulikuwa na kibanda cha fundi mmoja wa TV, Godbless, na ubao wenye neno OFA kwa chaki. Alitusoma mara moja. "Bosi, njoo uone mashine ya kazi." Akaingia ndani, akatoka na soundbar iliyofungwa kwenye blanketi, na sabufa yake chini ya kwapa. Laki moja na tisini.

"Kwa nini bei hiyo?" niliuliza.

"Haina boksi tu, mama."

"Na risiti?"

"Mama, wenye risiti wako pale mlikotoka." Akacheka, na mume wangu akacheka naye.

Akachomeka flashi. Besi ikatetemesha koleo na bisibisi mezani. Elirehema akakumbuka somo la Twahir, akapunguza sauti, akafumba macho kusikiliza maneno, akatabasamu. Alishanunua hapo, kilichobaki ni kuhesabu noti. Hakuitambua, na simlaumu kwa hilo, maana soundbar zote ni fimbo nyeusi.

Mimi nilipewa niipakate kwenye bajaji. Godbless alikuwa ameifuta kwa spiriti, lakini chini ya spiriti kulikuwa na harufu nyingine, na niliijua. Ilikuwa harufu ya oloirien, mti ambao mama mkwe wangu huchoma vijinga vyake na kusafishia vibuyu vya maziwa. Kila kitu cha nyumba ile kinanuka hivyo, hata noti anazompa mwanangu. Niliisikia, na sikusema. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba tukipata ya bei nafuu, kinachobaki ni cha jiko langu la gesi. Nikajiambia mitaa yote hii ina wafugaji, moshi ni moshi.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Nashipae, binti yetu wa miaka sita, alirukaruka huku baba yake akichomeka waya nyuma ya TV. Elirehema akatoa simu mfukoni ili aiunganishe kwa bluetooth. Hakuwahi kugusa kitu. Simu ililia yenyewe mkononi mwake, na kwenye kioo pakaandikwa: Imeunganishwa, MAMA NKASIOGI. Kwaya ambayo Elirehema alikuwa akiisikiliza asubuhi ikaanzia pale pale alipoiachia, ikajaa nyumba nzima.

Jina lile Koikai ndiye aliyeiandikia ile soundbar siku ya Krismasi, kwa mapenzi, na simu ya Elirehema iliunganishwa siku hiyo hiyo. Yeye alikuwa ameshasahau, ila mashine ilimkumbuka.

"Kama kwa bibi!" Nashipae akapiga makofi, akaanza kucheza.

Nilizima kwenye ukuta. Nilimtuma mtoto nje, nikamgeukia baba yake.

"Mpigie Koikai sasa hivi. Kesho kabla ya saa nne iwe imefika kwa mama."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba tumeinunua."

"Risiti iko wapi, Mama Nashipae?"

Alichukua bodaboda akarudi Ngarenaro. Alipokuja tena, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kibanda kimefungwa kwa kufuli mbili. Mafundi wa jirani walisema Godbless amekwenda kuzika Singida, hawajui atarudi lini, na simu yake haipatikani.

"Hata hivyo twende tuseme," nilimwambia. "Wakuite mwizi, yataisha. Chungu hakiishi."

"Mwizi wa mama yake mzazi? Mzee wa kanisa? Hayo hayaishi." Akakaa, akatazama mikono yake. "Mimi ni Mlutheri. Chungu ni udongo tu."

"Kama ni udongo, mbona ulikidai?"

Akaifunika soundbar kwa shuka la kitanda chetu.

Asubuhi nilitaka Nashipae abaki kwa jirani. Baba yake akakataa. Alisema ukoo mzima unaleta watoto, wa kwetu akikosekana watauliza tunamficha nini. Nikaomba basi tuibebe soundbar kwenye gari tuliloazima, tukifika ndipo tuone. Akaenda kuwasha gari. Sasa najiuliza kwa nini sikuibeba mwenyewe, kwani ilikuwa nzito kuliko mwanangu?

Mlima ulikuwa umefunikwa mpaka chini, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inauma masikio. Uani kwa mama palijaa watu waliojifunga mashuka, wamekaa kimya. Nashipae alipita mbele ya wazee mmoja mmoja akiinamisha kichwa, nao wakamgusa utosini. Niliihesabu ile mikono. Katikati ya uwanja, juu ya jani la mgomba, kilikaa chungu chenyewe, kidogo kuliko nilivyodhani, cheusi.

Kabla Mzee Lengai hajainuka, mama mkwe wangu akasimama. Sikutegemea, wala hakuna aliyetegemea.

"Wanangu, mimi nimesamehe," alisema. "Ni kitu cha kuimba tu. Nimekaa nikawaza, nikaona sitaki mtoto wa mtu afe kwa sababu ya nyimbo zangu. Kiacheni."

Watu wakanong'onezana. Mzee Lengai akaitikia kwa kichwa polepole, na nadhani alifurahi. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mlango ulikuwa wazi, na wala haukufunguliwa na sisi.

Koikai ndiye aliyesema. Alikuwa amefika na basi la usiku, macho mekundu. "Mali ni ya mama. Lakini aliyedai chungu ni kaka. Shikamoo, kaka. Ukisema tuache, tunaacha, twende tukanywe chai." Alisema kwa heshima yote, na alimtazama kama mtu aliyengoja jibu hilo miezi miwili. Na si yeye tu. Uwanja mzima uligeuka.

"Sema tuache," nilimnong'oneza mume wangu. "Baba Nashipae, nakuomba. Sema tuache."

Najua aliwaza nini, maana nimelala naye miaka tisa. Aliwaza kwamba akisema tuache, kila mtu pale atakwenda nyumbani na jibu lake. Alinitazama, akamtazama mtoto, akamtazama Koikai, na kwa Koikai ndiko macho yalikobaki.

"Kivunjwe," akasema. "Kama tulivyokubaliana. Wote watatu."

Mama mkwe wangu alikaa chini. Mzee Lengai akauliza, kama desturi inavyotaka, kama kuna mwenye la kusema. Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu, na mara hii alisubiri. Nami nilikuwa na mdomo. Nilijiambia mke aliyeolewa hasemi mbele ya chungu cha ukoo, na huo ulikuwa uongo, hakuna aliyenikataza. Niliogopa kuitwa mke wa mwizi. Nilinyamaza kwa sababu hiyo na siyo nyingine.

Akakinyanyua chungu kwa mikono miwili. Kwa watu wa huku, mzee akibariki huitikiwa Naai, kama Amina ya kanisani, na siku ile waliitikia neno lile lile. Nashipae analipenda sana. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, akimbariki kila tukiondoka.

"Aliyevunja dirisha la mama huyu, nyumba yake ivunjike!"

"Naai!" waliitikia wanaume, kwa sauti nzito.

"Aliyeuza, nyumba yake ivunjike!"

"Naai!" Safari hii na wanawake.

Nilimwona mwanangu akivuta pumzi. Alikuwa ameshaishika zamu yake, kama anavyofanya kwenye Sunday school, ametanua macho akisubiri. Nilijua kabla haijatokea, na mkono wangu nikauona unakwenda polepole mno.

"Aliyenunua, nyumba yake ivunjike, ianze na kitoto chake!"

"Naai!" akapaza Nashipae, peke yake, kabla ya wote, kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka zizini.

Chungu kikagonga jiwe. Nilimziba mdomo vigae vikiwa vimeshatua. Elirehema alikuwa anatazama chini, karibu na kiatu chake kulikuwa na kipande kimoja, na hakusogeza mguu.

Mama mkwe wangu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimvuta mjukuu wake kutoka mikononi mwangu, akamfunika kwa shuka lake lenye harufu ya moshi ule, akampapasa kichwa.

"Mmemsikia?" aliwaambia watu. "Huyu ndiye damu yangu. Anaitikia kuliko ninyi nyote."