Unga wa Rangi Mbili

Jamani, ule mguu wa Makau ulinuka! Ulinuka panya aliyefia chini ya kabati. Kila asubuhi mkewe Kalunde alifungua kitambaa, usaha wa kijani ukivutana nacho, akageuza uso, akatema mate, ptuu! Halafu alifanya vile watu wa machimbo ya mawe ya Kiserian hufanya: alipasua kidonge cha rangi mbili, kile cha kuua wadudu wa kidonda, akamwaga unga hapo. Kimoja kwa siku, basi. Vidonge alikuwa navyo tele. Aliviuza kwa kioski yake kimoja kimoja, kama peremende.

Jirani yao Naserian alimletea maji ya gome la olkiloriti, ule mti wa miiba, aoshee kidonda. Kalunde akayatazama yale maji ya kahawia.

"Uchafu gani huu? Mimi ni mtu wa kanisa!" Akayamwaga mtaroni, Naserian mwenyewe akiona. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi wa tatu wa kidonda, hospitalini, daktari aliziba pua. Wadudu wa kidonda hiki wameshaizoea dawa, akasema, Ijumaa tunakata.

Kalunde alikimbia kwa Naserian, aibu kando. Akamkuta Nyakio, msichana wa maabara kutoka Nairobi, akijaza magome kwa gunia.

"Kuna kitu ndani ya hili gome," Nyakio alimweleza. "Kinawavunja wadudu nguvu, dawa iliyoshindwa inaanza kuwaua tena."

"Basi nipe! Mzee wangu anakatwa Ijumaa!"

"Pole, mama. Tumeona hivyo kwa visahani vya maabara tu. Kwa mtu bado, pengine miaka mingi. Kwani dawa alikuwa anatumia vipi? Alimaliza dozi?"

Naserian alimwangalia Kalunde tu, hakumcheka, na hilo likamchoma zaidi.

Ijumaa wakakata.

Jumatatu Kivuva, mchimba mawe mwenzake Makau, alifika kwa kioski, kidole kimefungwa tambara.

"Mama, niuzie rangi mbili. Moja tu, nimwage hapa."

Mkono wa Kalunde ulikuwa umeshaingia kwa mkebe. Akautoa, akaunusa. Ile harufu, ala! Iko palepale. Akafunga mkebe.

"Enda hospitali, Kivuva," akasema. "Hii ndiyo ilikula mguu wa rafiki yako. Na aliyekuwa akiimwaga ni mimi."